Shangazi wa Kwenye Kamba

Hakuna mtu anayeweza kuisimulia habari ya Mama Pamba vizuri kuliko mkono huu unaoiandika. Ni kweli kwamba wote waliokuwapo siku ile hawataki hata kuigusa, kwa hiyo mashindano hayakuwa makali.

Mama Pamba alikuwa mjane wa seremala. Jina lile alipewa na mtaa, kwa sababu yeye ndiye aliyetandika pamba na kitambaa ndani ya majeneza ya mumewe, na mkono wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba watu wazima na akili zao walisema ukilitazama sana jeneza la nyumba ile unaanza kupiga miayo. Karakana ilikuwa mbele, barabarani, nyumba nyuma, na katikati ua wenye mbao zilizosimamishwa ukutani zikauke. Siku za kawaida walitengeneza vitanda, milango, meza, na majeneza ya wenye kuagiza. Mkesha wa Krismasi ulikuwa na kazi yake peke yake.

Krismasi ya nyumba ile haikuwa na nguo mpya wala taa za rangi. Ilikuwa na jeneza. Kila mwaka sikukuu ikikaribia, mzee aliteremka hadi mochwari ya hospitali kubwa kuuliza kama yupo marehemu aliyelala bila mwenyewe, asiye na ndugu wa kumzika. Kila mwaka alikuwapo. Mzee alimpima kwa kamba ya katani, kipande kimoja cha urefu na kimoja cha mabega, akavifunga pamoja kwa fundo, akarudi navyo mfukoni na kuvitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Hakuandika kitu. Alisema mtu si hesabu ya mbao, mtu ni kimo chake. Mkesha ukifika, nyumba nzima iliingia karakana, mkubwa kwa mdogo, na mbao iliyotumika ilikuwa ile ile ambayo wangemlalishia mmoja wao, si mabaki. Asubuhi ya Krismasi, ibada ikiisha, walilisukuma jeneza kwa mkokoteni, wakamlaza yule mtu kwa mikono yao, wakaweka ile kamba kando yake, wakamsindikiza makaburini. Ndipo waliporudi kula.

"Anayezaliwa leo alilelewa na seremala," mzee alikuwa akisema. "Sisi ni jamaa zake wa kazi. Jamaa hawaendi kwenye shughuli mikono mitupu."

Watoto walikua hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwahi kuwauliza wanafunzi kila mmoja amepata nini Krismasi. Wengine wakasema viatu, wengine mpira. Mtoto wa kwanza wa Mama Pamba akasimama kifua mbele, akasema jeneza. Jioni mwalimu alikuja nyumbani kutoa pole.

Mwaka tunaousema, mzee alikuwa amefariki. Kifua kilimbana muda mrefu, kikamchukua mvua za mwisho zilipokuwa zikiisha. Siku zake za mwisho hakuzungumzia mali wala nyumba. Alimshika mkewe kifundo cha mkono akamwambia, "Mama watoto, Krismasi yangu isije ikaishia kwenye sufuria." Mama Pamba akaahidi. Mtu akikushika mkono vile huna la kufanya ila kuahidi, na kwa kweli alitaka.

Tatizo lilikuwa watoto. Walikuwa wawili tu, na tangu siku ya mazishi hawakuwa wakisemeshana. Wa kwanza, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkubwa, ndiye aliyerithi karakana. Siku baba yake alipokuwa akikata roho, Mkubwa alikuwa upande wa pili wa mji akifunga milango ya jengo jipya. Alipigiwa simu, akasema anamalizia bawaba. Akapigiwa tena, akasema yuko njiani, naye hakuwa njiani. Alifika baba yake amekwisha kufunikwa. Mdogo wake, Kitinda, msusi mwenye ulimi mkali kuliko wembe wa saluni yake, alimwambia mbele ya waombolezaji wote, na mchungaji akiwapo: "Bawaba zimekaa sawa, kaka?" Basi. Maneno yale yalikaa katikati yao kama kabati lililokwama mlangoni. Hakuna aliyeweza kupita.

Krismasi ilipokaribia, Mkubwa alimwambia mama yake kwamba mwaka huu atakwenda kwa wakwe zake, wale wana redio kubwa na watu wengi. Mama Pamba akamkumbusha kazi ya baba. Mkubwa alizungushazungusha penseli yake ya useremala sikioni, akasema kwa sauti ya chini:

"Kamba ikiwa kwenye msumari, nitakuja kufanya. Siwezi kumwacha mtu chini kwa ajili ya ugomvi wetu. Lakini isipokuwapo, mama, msinihesabu. Mwaka huu wala mwingine."

Mama Pamba alimjua mwanawe. Maneno machache, na yote yana misumari. Akajua pia kwamba Kitinda naye hatakanyaga pale bila kulazimishwa na kitu kizito kama maiti. Kazi ile ndiyo iliyobaki kuwaweka chini ya bati moja. Ikikosekana, ahadi imekwenda na watoto wamekwenda.

Kwa hiyo akateremka hospitali mwenyewe, na kipande cha kamba kwenye mkoba.

Mochwari ilikuwa nyuma kabisa, baada ya jengo la kufulia, mahali ambapo hata paka wa hospitali walipita haraka. Mhudumu wake waliyemwita Baridi alikuwa akimwagia sakafu maji kwa mpira. Alikuwa mtu wa muda mrefu pale, mpole, amezoea kuzungumza na wasiojibu, kwa hiyo hakuwa na desturi ya kusubiri zamu yake. Alimpa Mama Pamba pole ya mzee, akamsifu mzee, akamkalisha kwenye benchi la mbao lililotengenezwa na mzee huyo huyo, halafu akamletea habari njema.

"Mwaka huu Mungu katuangalia, mama. Hatuna mtu. Wote wamepata wenyewe."

Mama Pamba akamwomba aangalie vizuri.

"Nimeangalia. Wa mwisho kachukuliwa na shemeji yake jana."

"Hata mzee tu?"

Baridi akafunga bomba la maji. "Mama," akasema taratibu, "hapa si dukani."

Mama Pamba akacheka kidogo, kicheko cha kufunika aibu, akaaga. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu, naye alijaribu, alianza hata kuyapanga maneno. Lakini alipofika nyuma ya jengo la kufulia, ambako mashuka yalikuwa yameanikwa marefu mpaka karibu na ardhi, miguu yake ilisimama yenyewe. Akatazama huku na huku. Akatoa kamba mkobani, akaikanyaga ncha moja kwa kisigino, akaivuta mgongoni mpaka utosini, akaikata kwa meno. Kisha akapima mabega yake, bega hadi bega, akajipinda kama mtu anayejikuna. Akafunga fundo. Mfuaji mmoja alitokeza kati ya mashuka akamwona, akamsalimu shikamoo. Mama Pamba akaitikia marahaba kana kwamba kujipima jeneza nyuma ya nguo za watu ni jambo la kila siku.

Jioni Mkubwa alipoingia karakana kufunga, kamba ilikuwa kwenye msumari. Akaitazama muda mrefu.

"Nani?" akauliza.

"Mwanamke."

"Kafia wapi?"

"Wodini. Peke yake."

Uongo wa kwanza ulimtoka kama jino, kwa kuvutwa na kwa damu. Uliofuata ulitoka wenyewe.

Mkesha walikuja wote, mchana jua likiwa kali. Mkubwa na mkewe na binti yao mdogo, Kitinda na kikapu chake cha nyuzi. Kaka na dada walisalimiana kwa kuangalia mbao. Mkubwa alichagua zile alizokuwa amezikausha kwa ajili ya kabati la mteja, mbao nyekundu zisizo na jicho la tawi hata moja, akazilaza mezani na kuanza kupiga randa. Vinyoleo vilikuwa vikidondoka mviringo mviringo, na yule mtoto alivikusanya akijivalisha kama bangili. Mkazamwana alipiga msasa. Kitinda alikaa mlangoni akipinda kitambaa. Mama Pamba aliichambua pamba na kuipiga piga kwa fimbo mpaka ikawa kama povu. Kwa muda hakuna aliyesema kitu ila "nipe gundi" na "shika huku," tena wawili wale waliyapitisha kwa mama yao. Mwambie kaka kitambaa hakitoshi. Mwambie huyo binti yako kinatosha. Mama Pamba alikuwa akiyabeba maneno huku na huku kama mpagazi, na wote walikuwa hatua chache.

Aliyeanza kuharibu mambo ni mtoto. Aliitazama kamba pale msumarini akauliza huyo mtu anaitwaje. Bibi yake akasema jina halijulikani. Mtoto akawaza, akasema basi yeye atamwita Shangazi. Shangazi wa kwenye kamba. Akataka kujua Shangazi alikuwa anapenda nini.

"Chai," akasema Mama Pamba. "Yenye sukari nyingi."

"Baridi kakwambia hayo yote?" akauliza Kitinda, bila kuinua macho.

"Baridi anasema sana. Unamjua."

Ukianza kumvisha mtu huwezi kumwacha nusu uchi. Kufikia alasiri Shangazi alikuwa na kovu kidoleni, alikuwa anaimba akifua, alikuwa na tabia ya kuficha pipi mfukoni kwa ajili ya watoto wa jirani. Mkazamwana aliacha msasa akafuta macho kwa kiwiko, akasema kesho atamletea gauni lake la bluu, lile zuri, maana mwanamke msafi vile hawezi kuzikwa na shuka la hospitali. Mama Pamba akasema si lazima. Mkazamwana akasema ni lazima, mama, hii ndiyo Krismasi yenyewe. Angemwambia nini? Mwaka uliopita mkazamwana huyo huyo alikuwa akinong'ona kwamba ameolewa kwenye ukoo wa vichaa.

Kitinda aliichukua kamba apimie kitambaa, akaishika hewani, akamtazama mama yake juu mpaka chini.

"Mama, huyu mngeazimana nguo."

Randa ya Mkubwa ilisita.

"Wafupi tumejaa duniani," akasema. "Pinda kitambaa."

Angenyamaza hapo, tungekuwa na hadithi nyingine, pengine nzuri zaidi. Lakini aliwatazama wale wawili, migongo imepeana, mmoja na randa na mwingine na sindano, akaona kazi itakwisha, jeneza litapendeza, nao watatoka pale vile vile walivyoingia. Mzee hakutaka jeneza. Jeneza lilikuwa njia tu ya kuwafikisha mahali. Basi akatia tone moja la mwisho.

"Alikuwa akimtaja mwanawe," akasema akiwa ameinamia pamba. "Mpaka mwisho. Manesi walimwambia anakuja, anakuja. Akawa anageuza uso mlangoni."

Randa ikasimama.

Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mbovu, na wote walimsikia mpaka alipopotea. Mkubwa aliegemea meza kwa mikono miwili. Mabega yake makubwa, yale yaliyobeba milango miwili kwa mpigo, yalikuwa yakitikisika.

"Sikuwa njiani," akasema. "Nilisema niko njiani. Sikuwa njiani. Niliogopa kumwona."

Kitinda alichoma sindano kwenye kitambaa, akasimama, akaenda akasimama kando ya kaka yake. Hakumkumbatia, hawakuwa watu wa hivyo. Alichukua randa akaishika upande mmoja, kama walivyofundishwa utotoni, mmoja anasukuma na mwingine anavuta.

"Yeye alijua, kaka," akasema. "Alisema mwanangu anaogopa vitu vinavyokwisha. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uumie."

Wakapiga randa ubao ule pamoja mpaka ukawa mwembamba kuliko inavyotakiwa, ikabidi watafute mwingine.

Mama Pamba aliyatazama yale, na tusimnyime haki yake: alifurahi. Kabla jua halijazama walipiga magoti kwenye vinyoleo, jeneza likiwa katikati, limetandikwa, jeupe ndani kama maziwa. Mkubwa aliomba. Mtu ambaye tangu mazishi alikuwa akiingia kanisani kwa mlango na kutokea dirishani, aliomba mpaka sauti ikamkauka. Alimwombea Shangazi. Mtoto naye akamwombea Shangazi. Mama Pamba akaitikia amina, na amina ile ilimkwama kwenye meno kama uzi wa nyama.

Kisha Mkubwa akainuka, akafuta magoti.

"Kesho nitamlaza mimi," akasema. "Nataka nimwangalie usoni nimwombe radhi. Yule mwanawe hatakuja. Mimi nitakuwa nimekuja."

Hapo ndipo Mama Pamba alipoona shimo alilochimba lina kina gani. Yeye alikuwa amejiwekea mpango: asubuhi angesema amepata habari kutoka kwa Baridi kwamba ndugu wa marehemu wametokea ghafla, asifiwe Mungu, na jeneza lingefunikwa turubai lingojee mwingine. Mpango mzuri, usio na damu. Lakini alipoamka na kutoka uani, Mkubwa alikuwa amekwisha kulipakia kwenye mkokoteni na kulifunika shuka, amenyoa ndevu, amevaa koti la baba yake. Mama Pamba akaanza kusema kwamba pengine yeye atangulie peke yake, awahi. Mkubwa akasema hapana, tutakwenda wote kama baba alivyokuwa akitupeleka. Akajaribu kusema habari ya ndugu, akafika kwenye "nimesikia," ndipo Kitinda akatoka jikoni na vikombe viwili vya chai, kimoja akampa kaka yake, sukari imekwisha kukorogwa. Mama Pamba akameza maneno pamoja na mate.

Kwenye ibada aliketi katikati yao. Kanisa lilijaa mpaka barazani, watoto wananukia sabuni, kwaya imevaa majoho mapya. Watu wakaimba amezaliwa, amezaliwa. Mama Pamba aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaanza kuomba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua barabara anachokitaka.

Alikizungukia. Alisema, Bwana, wewe unawajua waliochoka. Alisema, kama yupo leo wodini ambaye maumivu yamemzidi na hana mtu, mpumzishe, usimcheleweshe. Si lazima awe mwanamke, akasema, nitapata la kuwaambia. Alisema ni kwa ajili ya watoto wangu, ni kwa ajili ya siku yako mwenyewe. Aliitandika dua ile pamba, akaipiga piga, akaivutia kitambaa pembe zote zikakaa. Lakini yeye alikuwa fundi, alijua kilichopo chini. Alikuwa ameketi nyumbani mwa Mungu asubuhi ya Krismasi akiomba mtu afe.

Kengele zikalia. Akasema amina.

Njiani watu waliuachia mkokoteni nafasi, wengine walivua kofia, mmoja aliyekuwa amekwisha kuanza sikukuu tangu jana alipiga saluti. Mkubwa alisukuma. Kitinda alishika ubavuni jeneza lisiteleze kwenye mashimo ya barabara. Mkazamwana alibeba gauni la bluu mikononi, limepigwa pasi. Mtoto alikuwa na pipi moja kwenye ngumi, ya Shangazi. Mama Pamba alitembea nyuma. Alipoliona jengo la kufulia na mashuka yake, alitamani aingie katikati yake asitoke.

Baridi alikuwa amesimama mlangoni. Alipowaona, alishangaa mpaka akasahau kusema heri ya Krismasi.

"Nani kawaambia?" akauliza. "Hata sijamaliza kumwandaa. Mmejuaje?"

Mama Pamba, kabla hajajizuia, alikwisha kusema ndani ya moyo wake: asante.

Ndipo Baridi alipolitazama jeneza, akatikisa kichwa.

"Lakini hilo kubwa, mama. Hilo kubwa sana."

Akaingia ndani, akarudi amebeba taulo la hospitali lililokunjwa. Alilibeba kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono mmoja ulitosha.

"Wa kiume," akasema. "Kaokotwa alfajiri nyuma ya soko, ndani ya boksi. Alikuwa bado anapumua. Manesi wamehangaika naye, kidogo tu angepona, nimewaona wanakimbia na chupa. Kakata roho kengele za kanisa zinalia. Ndiyo nawauliza, mmejuaje? Mwenyewe nimeletewa sasa hivi."

Mkazamwana alitoa sauti ndogo, akapokea lile taulo na kulifunika kwa gauni la bluu, likapotea lote ndani yake. Mtoto alinyoosha shingo aone. Kitinda akamgeuza uso kando. Mama Pamba hakusogea. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake kwenye viatu, akivitazama kama vya mtu mwingine, na masikioni mwake kengele zilikuwa bado zinalia, na amina yake juu ya kengele.

"Na yule mwanamke?" akauliza Mkubwa.

"Mwanamke yupi?" akasema Baridi.

"Mama." Mkubwa aligeuka. "Yule mwanamke yuko wapi?"

Na hapa, hapa ambapo mtu mwenye hofu ya Mungu angepiga magoti kwenye sakafu ile ya maji, ulimi wa Mama Pamba ulifanya kazi ambayo wiki nzima ulikuwa umeizoea.

"Ndugu zake wamemchukua," akasema. "Jana jioni. Si ulinitumia ujumbe, Baridi? Kwamba ndugu zake wamekuja." Akamkazia macho, jicho moja likamkonyeza, jicho la kizee lenye machozi. "Nikaona nisiwavunje moyo wanangu. Jeneza si huhitajika kila mara? Si ndivyo, Baridi?"

Baridi alimtazama kwa huruma ya kweli. Lakini miaka yote ameishi na watu wasiodanganya, na kazi hiyo hakuwahi kujifunza.

"Mama yangu," akasema, "mimi ujumbe sikutuma. Nilikwambia hatuna mtu. Ulikaa pale kwenye benchi la mzee, ukaniuliza hata mzee tu. Pengine ni msiba, unachanganya."

Mkubwa aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la baba yake, akatoa kamba. Alikuwa ameileta aiweke kando ya marehemu, kama desturi. Akamwendea mama yake, akapiga goti moja kwenye maji, akamwekea ncha chini ya kisigino, taratibu, kama mtu anayemvika mgonjwa kiatu. Kisha akasimama na kuivuta mgongoni mpaka utosini. Ilifika. Haikupungua, haikuzidi. Hakuhangaika na ile ya mabega.

"Kamba ya katani huvutika ikilowa," akasema Mama Pamba.

Mvua haikuwa imenyesha tangu mzee azikwe.

"Na yule aliyekuwa anageuza uso mlangoni?" Mkubwa akauliza, na sauti yake ilikuwa ile ya mtoto aliyesimama darasani kifua mbele. "Huyo nani alikwambia, mama?"

Mama Pamba akafungua mdomo. Wote walimsubiri, hata Baridi. Mdomo ulikaa wazi, na hakikutoka kitu.